Bustani ya mboga ya nyumbani

Bustani ya mboga ya nyumbani ni kipande kidogo cha ardhi kilicho karibu na nyumba, ambacho wenyeji wa nyumba hiyo hulima mboga, viungo na baadhi ya matunda kwa ajili ya jiko lao wenyewe. Hutofautiana na shamba kwa mambo matatu: ni dogo, liko karibu na mlango wa jikoni, na mavuno yake huchumwa kidogo kidogo karibu kila siku badala ya kuvunwa kwa mkupuo mwishoni mwa msimu. Ziada huweza kuuzwa kwa mafungu, lakini kusudi la kwanza ni chungu cha nyumbani.

Makala hii inaeleza bustani za namna hiyo hasa kwa mfano wa Kwashemshi na sehemu nyingine za tambarare ya Korogwe na Handeni katika Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Mengi yaliyomo yanahusu pia maeneo mengine ya joto ya Afrika Mashariki yenye misimu miwili ya mvua.

Neno "mboga"

Katika Kiswahili neno mboga lina maana mbili ambazo wageni huzichanganya. Kwa maana pana, mboga ni kitu chochote kinacholiwa pamoja na ugali, wali au ndizi: maharage, dagaa, samaki na hata nyama huitwa mboga. Mtu akiuliza "leo mboga nini?" anaweza kujibiwa "nyama". Kwa maana finyu, mboga ni mimea ya bustanini, na ili kuondoa utata watu husema mboga za majani au, kwa kifupi, majani. Tofauti hii si ya maneno tu. Katika nyumba nyingi za kijijini mboga ya siku nyingi za wiki ni majani, na nyama au samaki huja kwa nadra. Kwa hiyo nyumba isiyo na majani mara nyingi haina kitoweo kabisa, na ugali huliwa kwa chumvi au kwa chai.

Mahali na hali ya hewa

Kwashemshi ni kata ya Wilaya ya Korogwe Vijijini. Jina lake ni la mtindo unaopatikana kote Korogwe na Handeni, wa kutaja mahali kwa jina la mtu: Kwamndolwa, Kwagunda na mengineyo. Wenyeji wa eneo hili ni hasa Wasambaa, Wazigua na Wabondei, pamoja na watu wa makabila mengi ambao babu zao walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge.

Wasambaa tangu zamani hutofautisha Shambaai, yaani nchi ya milimani yenye baridi na mvua, na nyika, yaani tambarare ya joto iliyo chini yake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nini kiote bustanini. Kabichi, karoti, njegere na pilipili hoho zinazoonekana katika masoko ya Korogwe hutoka zaidi Lushoto, hushushwa kwa malori kupitia Mombo. Nyikani mimea hiyo husumbua: kabichi hufunga vibaya na karoti hubaki nyembamba. Mtu anayeanza bustani tambarare kwa kununua pakiti za mbegu zenye picha nzuri za mboga za baridi hupoteza fedha na msimu.

Mvua huja mara mbili kwa mwaka. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna ukavu wa Januari na Februari, ambao ni wa joto kali, na ukavu mrefu wa Juni hadi Septemba, ambao una ubaridi kiasi. Wakati wa mvua majani ya kuliwa huota yenyewe mashambani na kando ya njia, na bei ya fungu la mchicha hushuka. Wakati wa ukavu majani hayo hutoweka. Bustani ya nyumbani hupimwa kwa miezi hiyo ya ukavu: yenye mboga Aprili haijathibitisha kitu, ila yenye mboga mwezi Februari imefanya kazi yake.

Historia

Kabla ya karne ya 20

Mimea inayoitwa leo mboga za kienyeji ina asili tofauti. Kunde, bamia, mlenda, mgagani na nyanya chungu ni ya Afrika. Migomba ilitoka kusini mashariki mwa Asia, ikafika Afrika zamani sana. Muhogo, mahindi, viazi vitamu, maboga ya kawaida, nyanya na pilipili ni mimea ya bara la Amerika ambayo ilianza kuletwa pwani baada ya Wareno kufika mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo matembele na kisamvu, ambayo wengi huyaona kuwa chakula cha asili kuliko vyote, ni majani ya mimea migeni yaliyokwisha kuzoeleka kabisa.

Katika ufalme wa Wakilindi huko Usambara, uliokuwa na makao yake Vugha, ndizi ndizo zilizokuwa chakula kikuu, na migomba ilizunguka makazi. Chini ya migomba kulikuwa na nafasi ya mimea midogo inayopenda kivuli. Mpango huo wa kupanda kwa ghorofa, mrefu juu na mfupi chini, bado unaonekana katika nyumba nyingi za Korogwe: mnazi au mwembe, kisha mgomba na mpapai, kisha pilipili na nyanya chungu, na chini kabisa matembele au maboga yanayotambaa.

Miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa mibaya kwa Uzigua na majirani zake. Ukame, nzige na maradhi ya ng'ombe vilifuatana, na njaa ikaua watu. Katika nyakati hizo majani ya porini yaliwaokoa wengi, na ujuzi wa kuyatambua ulirithishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti.

Mkonge, mpira na posho

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ilifika hai Tanga, na kutokana nayo mkonge ulienea. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na ardhi kubwa kando yake ikageuka kuwa mashamba ya mkonge. Kwashemshi nayo ina shamba la mkonge. Kwa muda mrefu wafanyakazi wa mkataba, walioitwa manamba, waliletwa kutoka mbali, wakiwemo Wabena, Wamakonde, Waha na Warundi. Mashamba yaliwapa posho ya chakula, hasa unga wa mahindi. Majani ya kulia ugali huo yalikuwa juu ya mfanyakazi mwenyewe, na walioweza walilima vibustani nyuma ya kambi zao.

Wajerumani walijaribu pia kupanda mpira wa aina ya Manihot glaziovii, mti wa Brazili ulio ndugu wa karibu wa muhogo. Bei ya mpira ilianguka kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu ya ushindani wa mashamba ya Asia, na mashamba mengi yakaachwa. Mti wenyewe ulibaki. Wenyeji waligundua kuwa majani yake machanga hupikika kama kisamvu, na tangu hapo huitwa kisamvu cha mpira. Kwa kuwa ni mti wenye mizizi ya kwenda chini, hutoa majani hata muhogo wa kawaida ukiwa umepukutika kwa ukame. Mti mmoja au miwili kwenye uzio wa nyumba ni akiba ya mboga isiyohitaji hata ndoo moja ya maji. Ni jambo la kushangaza kwamba zao lililowashinda wenye mashamba limekuwa moja ya mimea yenye manufaa zaidi nyuma ya nyumba.

Baada ya uhuru

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikatakiwa kuwa na mashamba na bustani. Wanafunzi wa miaka hiyo walikwenda shule na jembe. Matokeo yalitegemea mwalimu. Penye mwalimu aliyejua kilimo, watoto walijifunza kupanda kwa mistari, kutengeneza mboji na kutunza kumbukumbu za mavuno. Penye mwalimu asiyejua au asiyejali, bustani ikawa mahali pa adhabu, na wapo watu wazima hadi leo wanaolichukia jembe kwa sababu hiyo.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka huohuo ilifanyika kampeni ya redio na vikundi vya kujisomea iliyoitwa Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, ambayo ilihimiza chakula bora na bustani za mboga. Ukame wa 1973 hadi 1975 pamoja na uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa uliifanya kampeni hiyo iwe na uzito. Waliohamishwa waliacha nyuma miembe, migomba na vichaka vyao vya mboga, na ilichukua miaka kuotesha vingine.

Mimea inayofaa tambarare

Mchicha (Amaranthus) ndio mmea wa kwanza wa bustani nyingi. Mbegu zake ni ndogo kama mchanga, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kumwagwa ili zisirundikane. Huwa tayari kung'olewa baada ya wiki tatu hadi nne. Aina zenye majani mapana huweza kukatwa badala ya kung'olewa, nazo huchipua tena mara kadhaa.

Matembele ni majani ya viazi vitamu. Hupandwa kwa vipande vya mashina vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, hayahitaji mbegu za kununua, na yakishika ardhi hufunika magugu. Sehemu yenye unyevu, kama vile karibu na bafu au mahali pa kuoshea vyombo, huyatosha. Ni mboga ya mvivu, kama wasemavyo wengine, lakini mvivu huyo hulala ameshiba. Viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinavyoitwa viazi lishe, kama aina za Kabode na Ejumula, hutoa majani ya kula na mizizi yenye vitamini A kwa wingi.

Kisamvu, majani ya kunde na majani ya maboga (msusa) hutoka kwenye mimea inayolimwa kwa sababu nyingine, na kwa hiyo ni faida ya pili. Uchumaji una adabu yake: kunde zikichumwa majani kupita kiasi kabla ya kutoa maua, hazizai vizuri, na msusa huchumwa ncha tu ili mboga iendelee kutambaa.

Bamia hustahimili joto, na huanza kuzaa baada ya miezi miwili hivi. Matunda yake huchumwa kila baada ya siku mbili. Yakiachwa hukomaa na kuwa na nyuzi, na mmea huacha kuzaa mengine. Nyanya chungu (ngogwe) na bilinganya hukaa bustanini kwa miezi mingi. Pilipili za mwaka mmoja humtosha mtu na majirani zake, na huwa hazihitaji zaidi ya miche miwili mitatu.

Mnavu, mgagani na mlenda huota bila kupandwa, ila siku hizi wengi huvipanda kwa kuwa palizi za mara kwa mara na dawa za kuua magugu zimevipunguza mashambani. Hali ni hiyohiyo kwa mchunga (Launaea cornuta), jani chungu linalopendwa sana Tanga, na kwa tikini (Asystasia gangetica), ambalo Wasambaa hulichuma kando ya mashamba. Mkulima anayepalilia kwa jembe humwachia mwanamke anayefuata nyuma yake mboga ya jioni. Anayepuliza dawa hamwachii kitu.

Nyanya hutamaniwa na kila mtu na huwafaidi wachache. Tambarare ya joto ina mnyauko bakteria, minyoo fundo na, tangu mwaka 2014, nondo wa Tuta absoluta aliyepewa na wakulima jina la kantangaze. Viwavi wake hutoboa majani na matunda. Kwa bustani ndogo ni busara kupanda miche michache ya nyanya ndogo za kienyeji, ambazo huota zenyewe hata jalalani, kuliko kugharamia aina kubwa za sokoni.

Miti haipaswi kusahauliwa. Mpapai huzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, mlonge (Moringa oleifera) hutoa majani wakati wa ukavu, na mndimu mmoja hutumika katika kila chungu. Mchaichai na mrehani hupandwa karibu na mlango.

Maji

Bustani nyingi hufa Julai, na sababu huwa moja. Katika joto la nyikani kila mita moja ya mraba ya mboga changa huhitaji takriban lita 5 za maji kwa siku wakati wa ukavu. Bustani ya mita za mraba 30, ambayo mara nyingi hushauriwa katika semina, itahitaji basi lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Penye bomba uani hilo si tatizo. Penye kisima cha mwendo wa nusu saa, ndoo hizo huchotwa na mama na watoto wake juu ya zile za kupikia na kufulia, na hakuna anayeweza kuendelea hivyo miezi minne. Ushauri wa bustani usiouliza kwanza maji yanatoka wapi na nani anayachota hauna maana.

Mpango unaowezekana ni mdogo zaidi. Vitalu vinne vya mita 1 kwa 3 vina jumla ya mita za mraba 12 na hutumia lita 60, yaani ndoo tatu. Vikipandwa mchicha kwa kupishana wiki moja moja, kitalu cha kwanza huwa tayari wakati cha nne kikiota, na tangu hapo nyumba huvuna kitalu kimoja kila wiki. Kosa la kawaida ni kupanda vyote siku moja: wiki ya nne mboga huwa nyingi hadi huolewa maua, na wiki ya sita hakuna kitu.

Kuna njia kadhaa za kupunguza maji. Wakati wa ukavu kitalu huzamishwa, yaani udongo huchimbwa ukawa chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasitiririke. Wakati wa masika huinuliwa juu ili mizizi isioze. Watu wengi hutumia tuta la aina moja mwaka mzima na kulaumu mbegu. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba hufunika udongo na kuuzuia usikauke. Kumwagilia hufanywa asubuhi mapema au jioni, kwenye shina. Maji ya kuoshea mchele, mboga na vyombo vya suuza ya mwisho hufaa. Yale yenye sabuni nyingi ya unga huelekezwa kwenye migomba.

Bustani ya gunia

Gunia au mfuko wa sandarusi wa kilo 100 hujazwa mchanganyiko wa udongo na samadi iliyooza, kwa uwiano wa mbili kwa moja. Katikati husimamishwa nguzo ya mawe madogo au kokoto, kwa kutumia kopo lisilo na kitako linaloinuliwa juu kadiri gunia linavyojaa. Nguzo hiyo hupitisha maji hadi chini. Ubavuni hutobolewa matundu yaliyoachana kama shibiri moja, na kila tundu hupandwa mche. Gunia moja hubeba miche 30 au zaidi ya mchicha, sukuma wiki au spinachi, na huwekwa penye kivuli cha mchana. Njia hii hufaa sana katika nyumba za kupanga mjini Korogwe na Handeni, ambako mpangaji akihama huacha ardhi. Udhaifu wake ni kwamba sandarusi huharibiwa na jua na haidumu zaidi ya miaka miwili mitatu, na gunia lisipopata maji siku mbili za Februari miche yote hukauka kwa pamoja.

Udongo, uzio na mbegu

Samadi ya mbuzi au ng'ombe huachwa ioze kwa miezi kadhaa kabla ya kutumiwa. Samadi ya kuku ni kali, na ikiwekwa mbichi huunguza miche. Mboji hutengenezwa kwa kupanga matabaka ya majani makavu, majani mabichi, samadi na majivu kidogo, kisha kugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Huwa tayari ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Majivu mengi hayafai penye udongo wa chumvi.

Adui wa kwanza wa bustani si mdudu bali ni kuku, wa pili ni mbuzi wa jirani. Bustani isiyo na uzio ni chanzo cha ugomvi ambao huishia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Uzio hufanywa kwa matete, miti ya miiba au mkonge uliopandwa kwa mstari, na chini yake huzibwa kwa makuti ili vifaranga wasipenye.

Mbegu za mchicha, bamia, kunde, nyanya chungu na mlenda hutunzwa na mkulima mwenyewe. Mimea mizuri kuliko yote huachwa ikomae bila kuchumwa, jambo linalohitaji moyo kwa kuwa ndiyo inayotamanisha. Mbegu hukaushwa kivulini na kuhifadhiwa pamoja na majivu katika chupa iliyofungwa. Zile za pakiti zilizoandikwa chotara au F1 hazifai kutunzwa, kwa kuwa kizazi chake hakifanani na mzazi.

Wadudu na dawa

Vidukari, utitiri na nzi weupe hupunguzwa kwa kuwaosha kwa maji yenye sabuni kidogo ya mche, kwa kung'oa miche iliyougua na kwa kubadilisha mimea katika kitalu. Maji ya majani au mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha hutumiwa sana.

Dawa za dukani zina hatari ya pekee katika bustani ya nyumbani, kwa sababu mboga huchumwa kila siku. Kila kiuatilifu kina muda wa kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, ulioandikwa kwenye lebo, na kwa mboga ya majani inayochumwa leo na kesho muda huo hauwezi kuheshimiwa. Dawa za pamba au za mifugo hazipaswi kabisa kuwekwa kwenye mboga, na chupa yake tupu haichotewi maji. Tanzania vitu hivi husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Korogwe ni eneo la malaria, na mashimo yaliyochimbwa kuhifadhi maji ya kumwagilia huzalisha mbu. Hufunikwa, au hukaushwa kabisa mara moja kwa wiki.

Jikoni

Mchicha hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, au huungwa kwa tui. Nyumba za Tanga hupenda nazi, na desturi hiyo ina faida ambayo waliyoianza hawakuijua: vitamini A ya majani hunyonywa mwilini penye mafuta. Penye uhaba wa nazi, karanga zilizotwangwa hufanya kazi hiyohiyo.

Kisamvu kinahitaji uangalifu. Majani ya muhogo, na ya kisamvu cha mpira hata zaidi, yana viini vinavyotoa sumu ya sianidi. Kutwanga kinuni hupasua majani na kuachia sumu hiyo, na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika chungu huitoa kwa mvuke. Kwa hiyo mtu anayeruka hatua ya kutwanga, akakatakata kisamvu kama mchicha na kukichemsha haraka, huacha sehemu ya sumu ndani. Baada ya kutwangwa na kuchemshwa vizuri huungwa kwa tui zito au karanga. Kisamvu kilicholala, kikapashwa asubuhi, husifiwa kuliko cha jana yake.

Mchunga huchemshwa, maji yake ya kwanza humwagwa kupunguza uchungu, kisha huungwa kwa nazi. Wazee hupenda uchungu huo ubaki. Wapo wanaoamini kuwa mchunga hutibu malaria. Ni mboga nzuri, lakini mwenye homa hupelekwa kupimwa. Mlenda na bamia hupikwa pamoja, mara nyingi na nyanya chungu, na ute wake huteremsha ugali wa muhogo, ambao Tanga huitwa bada.

Majani mengine huharibiwa na upishi wenyewe. Kukata kabla ya kuosha, kuchemsha hadi yabadilike rangi na kumwaga maji hupoteza vitamini C karibu yote. Majani laini huoshwa yakiwa mazima, hukatwa na kupikwa kwa dakika chache. Kwa kukausha, kivuli ni bora kuliko jua kali, kwa sababu jua huharibu vitamini A.

Lishe

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Majani ya kijani kibichi yana vitamini A, vitamini C, folati, kalisi na madini ya chuma. Watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini Tanzania hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, lakini kati ya matone hayo chungu cha nyumbani ndicho kinachobaki.

Kuhusu upungufu wa damu, ahadi za bustani mara nyingi hutiwa chumvi. Chuma cha kwenye majani hunyonywa kwa shida kuliko cha nyama au dagaa. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, au papai baada ya mlo, husaidia. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia. Tena katika eneo la malaria na minyoo, damu hupungua kwa sababu ambazo mchicha hauwezi kuziondoa, na mama mjamzito huhitaji vidonge vya kliniki na chandarua pamoja na bustani yake.

Mipaka yake

Bustani ya mboga hailishi nyumba peke yake. Haina wanga wa kutosha, na mwaka ambao mahindi yamekauka Handeni hakuna wingi wa mchicha unaoziba pengo la unga. Pia huongeza kazi kwa mtu ambaye tayari ana kazi nyingi, kwa kawaida mama wa nyumba. Kwa upande mwingine, fedha za mafungu machache yanayouzwa kibarazani humfikia yeye mkononi, tofauti na za mahindi au mkonge, na mara nyingi huishia kwenye chumvi, sabuni na madaftari.

Katika miji mikubwa kuna tatizo la maji machafu. Mboga zilizomwagiliwa katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, zimepimwa na kukutwa na metali nzito. Vijijini hatari hiyo ni ndogo, ila kitalu hakiwekwi chini ya mteremko wa choo wala mahali palipokuwa pakimwagwa oili chafu na betri.